Tujiandae Kabla ya Wageni

Ukisimama Mkomaindo, mjini Masasi, utaona milima ya mawe. Njia moja inapanda Uwanda wa Makonde kwenda Newala. Kila upande ni mikorosho.

Katika Wilaya ya Masasi kiko kijiji cha Lupaso. Hapo ni kwao Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya 3, na hapo alizikwa mwaka 2020. Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam una jina lake. Unachukua watu 60,000. Kutoka Masasi ni safari ya siku nzima kwa basi.

Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifunguliwa katika uwanja huo. Tanzania, Kenya na Uganda ziliyaandaa pamoja. Nchi hizo tatu zimepewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027.

Kupokea wageni wengi si kazi ya siku moja. Michezo ya Afrika ilifanyika Algiers mwaka 1978. Iliyofuata ilifanyika Nairobi mwaka 1987, miaka 9 baadaye. Wakenya walijenga uwanja wa Kasarani kwa ajili hiyo. Lakini uwanja peke yake hautoshi. Mgeni anataka maji, choo safi, mahali pa kulala na chakula.

Je, sisi wakulima tutabaki kusikiliza redio tu? Hapana. Mgeni hula korosho, na korosho ni zetu.

Ndugu mkulima, hesabu miezi. Mashindano yamepangwa katikati ya mwaka 2027. Wakati huo mikorosho inachipua na kutoa maua, nasi tunapulizia dawa. Korosho mpya zitakuwa bado. Kwa hiyo, korosho za kuwauzia wageni hao ni za msimu wa mwisho wa mwaka 2026.

Basi fanya hivi. Okota korosho mara kwa mara. Zitenge na mabibo. Zianike juani mpaka zikauke vizuri. Zitie katika magunia ya katani, si ya plastiki. Yapange juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Kisha jiungeni katika kikundi mbangue, mkaange na kufungasha kwa mikono safi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hupona mwenyeji aliyejiandaa. Korosho iliyoota ukungu ghalani haina mnunuzi, hata uwanja ukijaa watu.