Tarishi wa Masika

Kwetu, kusini mwa Tabora, farasi hakuishi. Mbung'o wa miomboni walimmaliza, kama walivyommaliza ng'ombe na punda. Nilipokuwa mdogo Bwana Shauri mmoja, ofisa wa wilaya, alileta farasi wake, watu wakatoka vijiji vya mbali kuja kumshangaa. Mvua hazijaisha, mnyama amekonda mbavu nje, macho yanachuruzika, akafa.

Basi barua zilitembea kwa miguu ya watu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kutoka hapo kiangazi mfuko wa posta ulikuja kwa lori. Masika yakianza, mbuga zikijaa maji, lori lilikwama na kazi ikarudi kwa tarishi.

Walikwenda wawili wawili kwa sababu ya simba. Mmoja alikuwa jirani yetu: kaki iliyopauka, katambuga, mkuki mkononi, mfuko wa turubai kichwani, mdomo wake umefungwa kamba na kupigwa lakiri nyekundu. Nadhani lakiri ile aliiogopa kuliko simba. Karani aliikagua kabla hata ya kuitikia salamu, na ikiwa na ufa jirani yetu alihojiwa kama mwizi. Leo babu zetu wapagazi waliopeleka pembe Bagamoyo wanatajwa vitabuni. Tarishi hatajwi, labda kwa kuwa alichobeba hakikuwa na bei sokoni.

Mwaka 1944 vijana wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa Burma. Barua zao zilikuja zimeandikwa kwa penseli, nyingine zikiwa na mistari iliyozibwa kwa wino mweusi na wakaguzi wa jeshi. Mimi, mwanafunzi wa darasa la tatu, ndiye niliyewasomea kina mama barazani kwa karani. Salamu peke yake zilikula nusu ya karatasi, na kulikuwa na mama aliyetaka kila jina lirudiwe. Siku moja nikafika penye wino, nikaruka.

"Soma na hapo, mwanangu."

"Hapasomeki, mama."

Akamgeukia tarishi, aliyekuwa ameketi ngazini akichomoa miiba unyayoni. "Baba, barua ya mwanangu umeifanya nini?"

Tarishi akaapa kwamba lakiri ilifika nzima, karani shahidi. Mama hakuridhika. Posta iliyofuata alikwenda kumngojea mtoni mwenyewe, aukague mfuko kabla ya karani.