NONDO ASOMAYE NYOTA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usidharau wembamba wa reli, gari-moshi hupita. Leo nakusimulia juu ya bogong, nondo wa Australia. Sijamwona kwa macho, nimemsoma tu, lakini ameniteka moyo.

Kwa sura, wala hatamaniki! Ni wa rangi ya kahawia. Akikunjua mabawa, hafiki upana wa kiganja: sentimita 4 hadi 5 hivi. Kila bawa la mbele lina mstari mweusi na madoa mawili yaliyopauka. Huzaliwa katika nyanda za kusini mwa Queensland, za New South Wales na za Victoria. Joto linapokaribia, huruka usiku hadi safu ya milima ya Alps ya huko kwao, safari ifikayo hata kilomita 1,000. Kiangazi chote hulala mapangoni, wamebanana kama dagaa, hadi 17,000 katika mita moja ya mraba! Joto likiisha, hurudi walikozaliwa, hutaga mayai na kufa.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mimi nilipoingia Kidato cha Kwanza, mjomba alinisindikiza mpaka langoni. Nondo huyu je? Anaporuka, wazazi wameshakufa, na huko aendako hajawahi kufika. Mwaka wa 2025 wanasayansi walieleza kwamba huongozwa na nyota, na mawingu yakitanda hufuata sumaku ya dunia. Ajabu iliyoje!

Wenyeji asilia wa Australia walikuwa wakipanda milimani kuwachoma na kuwala, kama sisi watu wa Magharibi tulavyo kumbikumbi. Hata posamu mdogo wa milimani huwategemea. Lakini wapi! Ukame wa kuanzia 2017 uliwafyeka. Posamu wakakosa chakula, na watoto wao wakafa mifukoni mwa mama zao. Mwaka wa 2021 bogong akaingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Taa za miji nazo humvuta akaiacha njia. Ndiyo maana huko Victoria watu huombwa wazime taa zisizohitajika msimu wa safari yake. Yatima huyu haombi nauli wala mwenyeji, ndugu zangu. Anaomba giza tu, azione nyota zake. Je, hilo nalo ni la kunyimwa?