Je, kikundi chenu kinahitaji aplikesheni yake?

Swali hili nimeulizwa mwaka huu na viongozi wa vikundi vitatu tofauti: "Afisa, na sisi tutengeneze aplikesheni yetu?" Kila mara nimejibu harakaharaka kwamba wasubiri kwanza, na kila mara nimeona kwenye nyuso zao kuwa hawajaridhika. Leo nijibu kwa kirefu, maana jibu langu lina kuku waliokufa ndani yake.

Kikundi ninachokisemea ni cha wapenzi wa kuku wa asili katani kwangu, hasa kuchi. Kama humjui kuchi, ni yule kuku mrefu mwenye shingo ndefu na kifua kilichosimama, jogoo wake akipita uani hata mbwa anampisha. Wengi kikundini hawafugi kwa biashara. Wapo walimu, mafundi, madereva wa bodaboda na muuguzi mstaafu mmoja. Wanafuga kwa sababu wanapenda, na mtu akipata jogoo mzuri anampiga picha kama anavyompiga mwanawe siku ya kipaimara. (Wale wa kuwapiganisha simo nao. Nikiwakuta tunaongea lugha nyingine.)

Tulianza na kundi la WhatsApp, na kama ulishawahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia, matatizo yake unayajua. Asubuhi maua na "siku njema". Mchana mtu anauliza dozi ya dawa ya minyoo, anajibiwa vizuri kabisa, kesho yake mwingine anauliza swali lilelile kwa sababu jibu limeshafunikwa na picha sitini za majogoo na matangazo mawili ya viwanja. Nikiweka tarehe ya chanjo, jioni haionekani tena. Nilikuwa nachoka. Kwa hiyo kijana mmoja, mtoto wa mwanakikundi aliyetoka chuoni kusomea kompyuta, alipokuja na wazo la aplikesheni, mimi ndiye niliyelishika bango.

Alituonyesha michoro yake kwenye simu. Ukurasa wa picha, ukurasa wa maswali uliopangwa kwa magonjwa, kalenda ya chanjo inayolia kengele. Ilikuwa nzuri kweli. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, akachomoa kitochi chake mfukoni akauliza, "Na hiyo itaingia kwenye hiki?" Tukacheka. Nami nilicheka, na kicheko kile ndicho kinachonirudia mpaka leo.

Tukachanga. Kijana hakutudhulumu hata senti, hilo niliseme wazi. Kuiweka aplikesheni kwenye duka la Google, mtengenezaji analipa dola 25 mara moja tu. Ukitaka na wenye iPhone waipate, Apple wanadai dola 99 kila mwaka, tukasema hao wawili watatusamehe. Tulidhani hapo gharama imekwisha. Kumbe picha na maswali yale yote lazima yakae kwenye kompyuta fulani mahali fulani, na nafasi hiyo inalipiwa muda wote. Tena Google huwataka watengenezaji waisasishe aplikesheni iendane na matoleo mapya ya Android, usipofanya hivyo simu mpya haziioni tena dukani. Yaani aplikesheni inafanana sana na kuku mwenyewe: ukishaileta nyumbani inakula kila siku, hata siku ambayo haitagi.

Mwezi wa kwanza ilichangamka. Wa pili nikaanza kupigiwa simu: "Afisa, ile kitu imepotea." Haikupotea. Simu nyingi za wanakikundi zina nafasi ndogo, na memori ikijaa simu inamwambia mwenyewe afute kitu. Atafuta nini? WhatsApp yenye mke, shamba na kanisa ndani yake, au aplikesheni ya kuku anayoifungua Jumapili? Wengine walikuwa bado nayo ila kengele hailii, kwa sababu simu hizi zina tabia ya kuzimisha programu ambazo hazitumiki mara kwa mara ili kutunza chaji. Na lipo la bando ambalo sisi tunaojiunga bando kubwa hatukuliwaza kabisa. Kuna watu wananunua kifurushi cha mitandao ya kijamii tu. Kifurushi hicho kinafungua WhatsApp. Aplikesheni yetu hakiijui.

Sasa nifike kwenye kuku.

Chanjo ya mdondo, wengine mnaita kideri, ile ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa mfugaji mdogo mmoja, na kikishafunguliwa hakiwekwi kusubiri wiki ijayo. Ndiyo maana tunachanja kwa siku moja: watu wafungie kuku wao ndani asubuhi, mchanjaji apite nyumba kwa nyumba. Ukiikosa siku hiyo, mpaka chupa nyingine inunuliwe. Kwa hiyo katika kikundi chetu tarehe ya chanjo ndiyo taarifa moja isiyotakiwa kumpita mtu yeyote. Picha zinaweza kusubiri.

Ule msimu niliiweka tarehe kwenye aplikesheni pekee. Nilifanya makusudi. Nilisema nikiendelea kuiweka na kule WhatsApp watu hawatahama. Na wale wa vitochi, ambao zamani nilikuwa nikiwatumia meseji ya kawaida, nilijiambia majirani watawaambia.

Mchanjaji alikuta nyumba nyingi kuku wameshatoka. Wiki chache baadaye, katikati ya kiangazi, mdondo ukaingia. Bibi mmoja wa kitongoji cha chini, mwanakikundi tangu siku ya kwanza, alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofika alikuwa amewapanga kwenye kiroba, kuku kumi na saba, na jogoo wa kuchi aliyemlea tangu kifaranga akiwa bado hai amepinda shingo. Mdondo hauna tiba, tulijua wote wawili. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, chanjo safari hii haikuja?"

Ilikuja. Ilipita mita mia mbili kutoka mlangoni kwake.

Baada ya hapo nilifanya kazi ambayo ningeifanya kabla ya kuchangisha hata shilingi: nilichukua daftari nikazunguka kuuliza kila mwanakikundi ana simu gani, anaweka bando gani, na ujumbe wa kundi anausoma saa ngapi. Karibu theluthi walikuwa na vitochi. Wengine wana simu janja lakini inakaa na mtoto wa sekondari mpaka jioni. Daftari lile lilinigharimu siku nne na soli ya kiatu.

Sisemi aplikesheni ni kitu kibaya. Ninayo Nuru kwenye simu yangu, ile ya PlantVillage, naitumia kwenye mihogo. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, na inafanya hivyo bila intaneti, katikati ya shamba pasipo na mnara. Hiyo ni kazi ambayo WhatsApp haiwezi. Inatumia kamera na akili ya simu yenyewe, na nyuma yake kuna chuo kikuu cha Marekani na taasisi za utafiti wa kilimo zinazoitunza. Upande wa pili M-Kilimo ya serikali imeweka mlango wa *152*00# ili hata mwenye kitochi aingie. Walioitengeneza walifikiria simu ya mzee wetu. Sisi tuliicheka.

Kwa hiyo ukinijia na swali hili, nitakuuliza hiyo aplikesheni itafanya nini ambacho simu za watu wenu hazifanyi tayari. Ukiniambia itaonyesha picha, kupokea maswali na kukumbusha tarehe, nitakwambia rudi ukapange kundi lenu vizuri. Nitakuuliza pia nani ataitunza siku kijana wenu akipata ajira Dodoma, maana wetu aliipata, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sisi tumerudi WhatsApp, ila kwa adabu. Tuna makundi mawili: moja la soga na picha, huko tumani maua mpaka mchoke, na lingine la matangazo ambalo viongozi pekee wanaandika. Majibu ya maswali yanayojirudia yamo kwenye ujumbe mmoja uliobandikwa juu. Na tarehe ya chanjo haipiti huko peke yake. Siku tano kabla natuma meseji ya kawaida kwa kila namba iliyo kwenye daftari, na siku moja kabla natuma tena. Kila kitongoji kina mtu mmoja wa kupita kwa miguu kwa wasiojibu. Ni kazi ya kizamani na inachosha, lakini msimu uliopita mchanjaji hakukuta geti tupu hata moja.

Muuguzi mstaafu alimpa bibi yule mtetea mmoja na jogoo mdogo wa kuchi aanze upya. Bibi hasomi meseji, anasomewa na mjukuu akitoka shule. Tulikubaliana kwamba akishasomewa anibipu. Juzi nilituma tarehe ya mwezi huu saa nne asubuhi. Bipu yake iliingia saa kumi na robo jioni, nikaweka tiki kwenye jina lake.