Volti 12 za Uongo

Nilijifunza umeme wa magari Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja ambaye hakuwahi kumiliki mita. Alikuwa na balbu ya taa kubwa ya Peugeot 504 aliyoilehemia nyaya mbili ndefu, na kwa balbu hiyo alipima kila kitu. Gari likiletwa haliwaki, anaiunganisha, anatazama inavyong'aa, kisha anatoa hukumu: "Umeme upo, nguvu hamna. Tafuteni ethi." Magari yenyewe yalikuwa mepesi kusomeka: betri, dainamo, stata, koili, platini, taa, basi. Sisi vijana wake tulimcheka chinichini, maana mita za dijitali zilikuwa zimeshashuka bei Kariakoo na kila mmoja wetu alitaka kuonekana anayo.

Kisha yakaja magari ya kompyuta, na mita nazo zikaonekana za kizamani. Marekani iliamuru magari mapya yajichunguze yenyewe kuanzia 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001, na yalipochakaa huko yakapandishwa meli kuja kwetu. Mteja akawa hasemi tena "gari linamisi", anasema "taa ya injini inawaka, nipigie mashine." Ukichomeka mashine inakupa kodi, herufi na tarakimu zake, na hapo ndipo ufundi wa wengi ulipoishia. Kodi ikitaja pampu, mteja anatumwa pampu. Ikitaja sensa, anatumwa sensa. Nimeona watu wakimaliza akiba zao kwa mtindo huo.

Kodi iliyoniletea wateja wengi waliokwisha kukata tamaa ni P0411. Inahusu hewa ya ziada inayopulizwa kwenye eksozi. Injini ya petroli ikiwashwa baridi hupewa mafuta mengi kuliko kawaida, na mengine hutoka hayajaungua. Masega yaliyomo kwenye eksozi, ambayo kazi yake ni kuusafisha moshi huo, hayafanyi kazi sawasawa mpaka yapate joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huweka pampu inayosukuma hewa safi nyuma ya valvu za eksozi. Yale mabaki yanaungulia humohumo, na masega yanapata moto upesi. Wazo lenyewe ni la zamani. Magari ya California yalianza kufungwa pampu za namna hiyo 1966, zikizungushwa na mkanda. Siku hizi ni mota ya umeme, inavuma kama feni ya saluni kwa dakika moja au moja na nusu hivi, kisha inanyamaza mpaka injini ipoe tena.

Kunyamaza huko ndiko kunakowasumbua mafundi. Gari linaletwa saa tano, limetoka Mbagala kwa foleni, injini imeshachemka. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haitaiamuru pampu hata ukiwasha na kuzima mpaka betri iishe. Fundi anafuta kodi, taa inazima, mteja analipa na kuondoka. Asubuhi chache baadaye taa iko palepale.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na Volkswagen Passat, injini ya lita 1.8 yenye tabo, iliyotoka Uingereza. Alikuwa ameshauziwa pampu ya mtumba, na baada ya hapo sensa ya oksijeni. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. "Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi nimefundisha hesabu. Usinionyeshe kifaa, nionyeshe hesabu." Nikamwomba aliache gari lilale.

Asubuhi alikuwepo kabla yangu. Niliwasha injini huku kijana wangu ameweka kidole juu ya rilei, ile swichi inayoipelekea pampu umeme. "Imegonga, mzee," akasema. Rilei ikigonga, maana yake kontroli boksi imetoa amri na koili ya rilei ni nzima. Pampu kimya. Nikachomoa plagi ya pampu, nikaweka ncha za mita: volti 12 na ushee. Hapo ndipo waliotangulia walipofungia hesabu, na siwalaumu sana. Plagi ina umeme, pampu haizunguki, basi pampu imekufa.

Tatizo ni kwamba mita ya dijitali haivuti umeme wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja, au mguu wa rilei ulioota kutu, utaipelekea mita volti zake zote bila shida. Pampu hii inapoanza kuzunguka huvuta ampia 30 hivi, na kwa ampia 30 ukinzani wa moja ya kumi ya omu unakula volti 3. Mwalimu alizidisha kichwani, akatikisa kichwa, akasema niendelee. Nikatoa balbu ya wati 55 yenye nyaya mbili, nikaiunganisha kwenye plagi mahali pa pampu, na safari hii rilei niliiamuru kwa mashine, maana injini ilikuwa imeshapata joto. Balbu iliwaka rangi ya chungwa, hafifu. Mita niliyoiacha palepale kwenye plagi ikaporomoka hadi volti 5. Umeme upo, nguvu hamna.

Kutoka hapo ni kuigawanya njia. Balbu ikiwa inawaka, unaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa plagi: sehemu ya kumi ya volti, ethi haina neno. Unahamia upande wa chanya: kati ya betri na plagi zimepotea volti 7 na ushee. Kati ya betri na upande wa pili wa fyuzi hakijapotea kitu. Kati ya fyuzi na mguu namba 30 wa rilei yenyewe, zote zimeishia hapo.

Kwenye Passat ya umri ule, rilei hii na kontroli boksi vinakaa ndani ya sanduku jeusi la plastiki chini ya kioo cha mbele, kwenye bonde ambalo maji ya mvua hupitia kwenda chini. Nikauliza gari linalala wapi. "Chini ya mwarobaini," akanijibu. Majani yalikuwa yameziba tundu lililo chini ya betri, maji yakapanda mpaka yakaingia kwenye sanduku. Soketi ya rilei ilikuwa na unga wa kijani na mweupe. Terminali ya mguu ule niliivuta kwa koleo ndogo, nusu ikatoka, nusu ikabaki ndani. Kontroli boksi ilikuwa kavu bado. Imeponea chupuchupu, na hiyo ikiingia maji bei yake ni ya kuuza gari.

Nilizibua tundu, nikakausha sanduku, nikafunga soketi mpya na kipande cha waya wa unene uleule. Kisha nikaijaribu pampu ya kwanza, ile iliyong'olewa kwa kosa la kufa. Ikazunguka. Mwalimu aliirudisha garini, ya mtumba akaiuza.

Pampu hufa, sikatai. Valvu inayozuia moshi usirudi nyuma ikivuja, mvuke wa eksozi huingia kwenye pampu, hugeuka maji, mota inashika kutu na fyuzi inakatika. Ukibadilisha pampu ukaiacha valvu hiyo, umenunua pampu nyingine ya kufa.

Wapo wenzangu wanaoing'oa kabisa, wanaziba mabomba na kulifuta jambo hilo kwenye programu ya kontroli boksi. Gari linatembea vilevile, ndiyo maana wateja wanawapenda. Kazi hiyo siichukui, na imenipotezea watu. Moshi wa injini baridi unapulizwa mlangoni, saa ileile watoto wanaposubiri basi la shule. Wengine hawang'oi wala hawatengenezi, wanaiacha taa iwake mwaka mzima. Siku sensa nyingine ikifa, hakuna taa ya pili ya kuwaambia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa pampu imekufa, usitoe pesa kabla fundi hajaweka balbu kwenye plagi yake ukaiona kwa macho yako. Ikiwaka vizuri, nunua pampu. Ikififia, mwambie afuate waya.