Bastola Chini ya Mkorosho

Mjomba wangu anapalilia mikorosho yake akiwa na bastola kiunoni. Najua sentensi hiyo inasomeka kama mwanzo wa riwaya ya kipelelezi, lakini hapa hakuna upelelezi. Ni mzee wa miaka sabini na ushee, aliuza vipuri vya magari Kariakoo kwa muda mrefu, kisha akarudi kwao Chidya kujenga na kulima. Asubuhi anavaa buti na kofia ya kampeni iliyopauka, anafunga mkanda wenye ala nyeusi ya ngozi upande wa kulia, anabeba jembe, anaingia shambani. Na shamba lenyewe linaanzia nyuma ya jiko. Yaani pale pale unaposikia sufuria zikisuguliwa ndipo mzee anapolima na silaha.

Bastola ina kibali. Hilo atakwambia kabla hujauliza. Aliinunua kihalali baada ya majambazi kumvamia dukani usiku, na karatasi zake anazihifadhi kwenye bahasha ya nailoni pamoja na kadi ya bima na stakabadhi za korosho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 anaijua kuliko mimi, ambaye niliwahi kuiandikia habari gazetini. Kwa hiyo ndugu waliponituma Juni iliyopita nikaongee naye ("wewe ndiye mwandishi, utajua pa kuanzia"), nilijua kwamba upande wa sheria sina hoja.

Majirani wamempa jina. Wanamwita Mjerumani. Utani huo una mizizi mirefu kuliko wanavyodhani vijana wanaoucheka: Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita Chiwata, hapo hapo jirani yetu, likaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake, likashuka hadi Ruvuma na kuvukia Msumbiji. Mtu anayetembea na bunduki katika vichaka hivi ni picha ya zamani. Mjomba mwenyewe anacheka wakimwita hivyo, ila mkanda havui.

Anaogopa nini hasa? Kwanza nilidhani ni wezi wa msimu wa korosho. Lakini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho zinapelekwa chama cha msingi, zinapigwa mnada, na siku hizi hela inaingia benki. Mwizi anayekuja nyumbani Novemba atakuta magunia mawili matatu na mabibo yanayochacha. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mpwa wangu, mwizi hasomi waraka wa wizara." Nikanyamaza.

Halafu akataja simba.

Hapo sikucheka, na msomaji wa kusini hatacheka. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake wa Tanzania: tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini na kujeruhi wasiopungua 308. Mkoa wa Lindi na wilaya ya Rufiji ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Waliokufa si watalii wala wawindaji. Walikuwa wakulima, na mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei, watu wanapolala kwenye madungu kulinda mazao. Wanayalinda dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe anafuata mahindi na mihogo, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao amelala binadamu kwenye kibanda cha miti kisicho na mlango. Sijawahi kusoma maelezo ya umaskini yaliyonikaa kichwani kama hayo. Watafiti hawakupendekeza kila mkulima apewe bunduki. Walisema punguzeni nguruwe.

Tena jaribu mwenyewe. Shika jembe la mkono kwa mikono miwili, inama hadi macho yaone magugu tu, kisha jiulize bastola iliyo kiunoni, chini ya shati, utaitoaje. Lazima uachie jembe, unyooke, ugeuke, ufungue ala. Mgongo wa mjomba haunyooki kwa mkupuo mmoja. Anasimama kwa awamu, mkono ukiwa umebana kiuno, huku akimtaja Mungu. Simba anatokea nyuma. Mwizi mwenye akili hali kadhalika. Palizi ni kazi inayomtaka mtu aiamini ardhi iliyo nyuma yake, na mtu asiyeiamini hawezi kupalilia vizuri. Niliona mistari yake: imekwenda kombo, magugu yamebaki vishungivishungi, kwa sababu kila baada ya dakika mbili anainua kichwa.

Kitu cha kuogopwa kweli chini ya mikorosho ni nyoka. Hilo kila mtoto wa Masasi na Newala analijua kabla hajajua kusoma. Kifutu analala kwenye majani makavu kama kipande cha gunia, na wewe unayavuta majani hayo hayo kwa reki au kwa mkono. Newala iliwahi kukaliwa na Mwingereza mmoja, C.J.P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968. Alikuwa mwindaji haramu wa tembo, akageuka kuwa ofisa wa wanyamapori, na mwisho wa maisha yake akawa mkamataji nyoka. Watu walimwita Bwana Nyoka. Mtu aliyeishi na bunduki maisha yake yote alipofika kwenye kazi ya nyoka alitumia koleo lenye mpini mrefu. Nilimsimulia mjomba habari hizi kwa furaha, nikidhani nimepata hoja ya ushindi. Akasema koleo analo, lipo stoo, na buti za nini kama si nyoka? Bastola ni ya watu.

Basi tukafika kwenye watu.

Mkaza mjomba ndiye aliyenisimulia, tukiwa jikoni, kwa sauti ya chini ingawa mzee alikuwa mbali. Nyuma ya nyumba kuna kinjia cha miguu kinachokata shamba kwenda upande wa pili wa kijiji. Hakikuchorwa na mtu; kilikuwepo kabla ya nyumba. Siku moja baada ya mvua, mama mmoja jirani alipita na mzigo wa kuni kichwani. Ardhi ilikuwa laini, hakusikika. Mjomba aligeuka mkono ukiwa tayari umefungua ala. Hakuitoa bastola. Hakuna kilichotokea, kama ripoti ya polisi ingeandikwa ingesema hivyo: hakuna kilichotokea. Yule mama aliangusha kuni, akaomba radhi (yeye ndiye aliyeomba radhi!), akaziokota, akaondoka. Tangu siku hiyo anazunguka barabarani. Wengine wakamfuata. Juni nilipokwenda, kinjia kilikuwa kimeota majani katikati.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18A, inampa kila mtu haki ya kujitetea nafsi yake na mali yake, na kifungu kinachofuata kinataka nguvu anayotumia iwe ya kiasi. Ni vifungu vizuri. Ila vinaanza kufanya kazi pale adui anapokuwepo, na jirani mwenye kuni si adui. Kwetu suala hilo lilikuwa na dawa yake ya zamani: unakohoa, unaimba, unaita "hodi huko!" ukiwa bado mbali, na mwenye shamba anaitikia "karibu, pita." Hodi inampa mwenyeji nafasi ya kukutambua. Mtu mwenye mkono kiunoni hajibu hodi kwa namna ile ile, hata kama anatumia maneno yale yale.

Nafikiri pia juu ya mahali penyewe. Karl Weule, mwanaethnolojia Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alieleza vijiji vya Wamakonde vilivyojificha ndani ya vichaka vizito. Watu walipanda juu huku, mahali pasipo na maji, wakikimbia wavamizi na wakamataji watumwa. Mwaka 1882 Wangoni walivamia misheni ya Masasi, wakaua na kuteka watu. Wanawake walishuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo tena, miaka nenda rudi, kwa sababu kiu ilikuwa nafuu kuliko mateka. Kwa hiyo sitaki kumdharau mzee kwa kuogopa. Uwanda huu wote umekaliwa kwa hesabu ya hofu. Tofauti ni kwamba kichaka kile kilificha kijiji kizima, na kinjia chake kilijulikana na kila mwenyeji.

Jioni tulikaa barazani. Nilimwamkia upya, kama mtu anayeanza mazungumzo mapya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetumwa, sema."

Nikasema. Nikamwambia habari ya mama wa kuni, bila kumtaja aliyenisimulia, ingawa alijua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nakumbuka shamba hili likilimwa zamani. Nakumbuka. Tulikuwa wengi: wajomba wanne, mama zetu, sisi watoto tukifukuzana, na siku za palizi majirani walialikwa, kukawa na pombe, ugali wa muhogo na kelele hadi jua linazama. Hakuna mwizi wala mnyama ambaye angesogea pale.

"Sasa hesabu," akasema. "Nani yupo?"

Mmoja yuko Mtwara, wawili Dar, mmoja Nampula, binti yake Muscat. Wajomba watatu wako makaburini. Mimi nina tiketi ya Jumatatu.

"Mnasema nina bastola," akasema. "Nina ekari nane na mke. Mkitaka niivue, njooni mlime."

Hilo sikuwa nimekuja nalo kwenye daftari. Miezi yote ile tulikuwa tukijadili chuma kilicho kiunoni kwake, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wanachama arobaini na moja, hakuna hata mmoja anayeishi Chidya.

Tulikubaliana kitu kimoja tu. Wajukuu wakija Desemba, bastola itafungiwa kwenye sanduku la chuma na ufunguo atakaa nao mkewe. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Akaongeza, "Na mkishaondoka?"

Kaka yangu amependekeza tumlipe kijana wa kulima naye siku nne kwa wiki. Mkaza mjomba anataka mbwa wawili, na anataka kinjia kifyekwe. Tunachanga, hadi leo wametoa watu kumi na tisa.