Rimoti ya Mama

Mwaka juzi nilimnunulia mama kisanduku cha kuonyesha video za intaneti kwenye runinga. Mezani pake pakawa na rimoti tatu: ya runinga, ya king'amuzi na ya kisanduku. Macho yake yamepungua nguvu, hivyo kila jioni alibonyeza isiyo yenyewe, kisha akakaa kimya hadi mjukuu arudi. Nikanunua rimoti moja ya kuendesha vyote.

Karatasi ya maelekezo sikuisoma. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, nisome nini? Nilijaribu namba moja baada ya nyingine zaidi ya saa nzima. Runinga ilitii, king'amuzi kikatii, kisanduku kikagoma.

Mpwa wangu wa kidato cha pili akauliza, "Mjomba, una hakika rimoti ya kisanduku inatoa infraredi? Nyingine ni za Bluetooth." Akaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu, akabonyeza. Kwenye kioo tukaona nukta ya zambarau ikimetameta. Kwa macho matupu hatukuona kitu.

Ndipo tukasoma karatasi. Rimoti mpya iliweza kujifunza kutoka kwa ya zamani. Tukazilaza zikitazamana, sentimita chache tu kati yao, tukafundisha kitufe kimoja kimoja. Baada ya dakika kumi mama aliwasha kisanduku mwenyewe, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mwanafunzi aliyewahi kuniuliza, "Mwalimu, kama miale hii haionekani, tunajuaje kuwa ipo?" Nikamjibu, "Andika tu, itatoka kwenye mtihani." Siku ile simu ilikuwa mfukoni mwangu, na jibu lake lilikuwa humo humo. Yeye hakuuliza tena swali hadi alipomaliza shule.

Kwa hiyo, mtahiniwa, usikariri tu kwamba infraredi ina urefu wa wimbi mkubwa kuliko wa mwanga mwekundu. Rimoti nyingi hutumia nanomita 940 hivi, na taa yake huwaka na kuzimika takribani mara 38,000 kwa sekunde ili kipokezi kisiichanganye na mwanga wa jua. Chukua rimoti ya nyumbani na simu, ujionee mwenyewe. Na kabla ya kujibu swali lolote, soma maelekezo. Mimi nilichelewa kujifunza yote mawili.