Tuliulizwa "Nani", Tukajibu "Nini"

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa katika kundi dogo la wapenzi wa Kiswahili wanaokutana kwa njia ya simu. Humo wamo walimu, wahariri, baharia mmoja mstaafu, mama muuza samaki wa Tanga, na wahadhiri kadhaa ambao, nikiwamo mimi, hupenda kutanguliza shahada kabla ya salamu. Kila Ijumaa usiku mmoja wetu hutuma ubeti wa fumbo. Masharti ni machache: mishororo iwe minne, kila mshororo uwe na mizani 16, vina vya kati na vya mwisho visipotee, na jibu liwe neno moja. Wote wakishindwa, mfumbaji huomba mji, kama walivyofanya bibi zetu katika vitendawili; akishapewa na kuutembelea, ndipo hufumbua.

Mwezi uliopita zamu ilimwangukia mzee mmoja kutoka kusini, ambaye mimi ndiye niliyemwingiza kundini. Alinifundisha darasa la kwanza hadi la saba. Alituma ubeti huu:

Miguu yake miwili, ila hawezi ondoka,
Hukanyagwa kila hali, na wale wanoinuka,
Yeye hafiki mahali, wenzake walikofika,
Nauliza tafadhali, ni nani huyo hakika?

Haikupita dakika moja nikajibu: ngazi. Nikaongeza, kwa majivuno ambayo sasa yananitia haya, maelezo marefu juu ya inkisari katika "hawezi ondoka" na "wanoinuka". Wenzangu wakanipongeza. Mzee akaandika: "Umekaribia, mwanangu, hujafika." Basi tukaanza kukisia. Mmoja alisema daraja, mwingine kizingiti, mwingine jukwaa. Baharia akang'ang'ania kwamba ni gati. Mama wa Tanga peke yake hakukisia kitu, aliuliza tu, "Mwalimu, u mzima?" Hatukumjali. Tulikuwa tukitafuta neno.

Jumapili tulisalimu amri, tukampa Unguja. Akaandika kwamba amefika, amekunywa urojo Forodhani, amerudi. Kisha: "Ngazi ni jibu la nini. Mimi niliuliza nani. Jibu ni mwalimu."

Ndugu msomaji, mimi hufundisha sarufi. Nimesahihisha maelfu ya karatasi za wanafunzi waliochanganya ngeli, na wino wangu mwekundu haukuwahi kuwa na huruma. Katika ubeti ule ufunguo ulikuwa wazi machoni pangu: "yeye", "hafiki", "huyo", na zaidi ya yote "nani". Nilivipita vyote. Najua utetezi wangu: vitendawili vyetu huvipa vitu nafsi za watu, hata masikio yetu yamezoea kulichukua hilo kuwa pambo. Lakini utetezi huo haunitoshi. Sikumwona mtu ndani ya ubeti kwa sababu sikuwa nikimtafuta mtu.

Nilimpigia simu usiku uleule. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza habari za mafao yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu astaafu, mwaka wa pili huu, faili lake limekuwa likihama kutoka meza hadi meza katika ofisi moja, na kila aendapo huambiwa arudi wiki ijayo. Nauli ya kwenda na kurudi humla chakula cha siku kadhaa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Nimekuambia, mwanangu. Kwa mizani kumi na sita."

Mzee huyu ndiye aliyekuja nyumbani kwetu jioni moja, akakaa kwenye mkeka na baba yangu mpaka usiku, ili nisibakizwe kwenye mikorosho badala ya kwenda sekondari. Aliondoka na ahadi ya baba, nami nikaondoka kijijini. Yeye alibaki. Wengine walipita mabegani mwake baada yangu, na leo wamo maofisini, pengine hata katika ofisi lilimopotea faili lake.

Tumezoea kusema kwamba fumbo ni burudani ya lugha. Historia ya fasihi yetu yasema zaidi ya hayo. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitunga katika utenzi mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni na walinzi humnyang'anya chakula kizuri, wakamwachia cha wishwa. Anamtumia mama yake ujumbe wa kishairi kupitia kijakazi Saada. Walinzi wanausikia lakini hawauelewi. Mama anaelewa, anaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na mwana anakata pingu zake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga gerezani mashairi yaliyochapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo lahusu ndugu wawili wanaogombea mnazi, na wengi wamelisoma kama mjadala kuhusu nchi na wenye haki nayo.

Fumbo, basi, hutungwa na mtu asiyeweza kusema waziwazi, iwe kwa hofu au kwa heshima yake. Linahitaji pia msikilizaji wa upande wa pili. Liyongo angefia kifungoni kama mama yake angeusifu ujumbe ule kwa vina vyake tu, akarudi jikoni kuoka mkate mtupu. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, na nakhofu ndivyo tunavyowafundisha vijana wetu: kuhesabu mizani, kutaja bahari, kuorodhesha tamathali, kisha kufunga daftari bila kuuliza ni nani anayesema na kimemfika nini.

Wiki iliyopita nilisafiri kwenda kusini, nikaongozana naye hadi ofisini. Karani, baada ya kusikia cheo changu, alituletea viti viwili, jambo ambalo mzee aliniambia halijawahi kumtokea. Faili bado linatafutwa. Tumepewa tarehe iliyoandikwa, nami nitarudi naye siku hiyo.

Ijumaa hii zamu ya kufumba ni yangu. Kabla ya ubeti nimempigia mama wa Tanga kumuuliza alijuaje. Akacheka. "Sikujua, Daktari. Niliona tu mtu mzima anaandika habari za kukanyagwa."